Dakika Moja na Nusu: Vijana Wetu, Simu Zao na Trela ya Filamu

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama makwao, familia pokezi na viongozi wao, Uvira

Tunajua ndagala hawajianiki wenyewe, na mwenye kupanga foleni ya maji akiondoka hapati tena nafasi yake. Kwa hiyo hatutawaweka mpaka jioni.

Tumekuja na maombi mawili. La kwanza, mturuhusu kuchukua watoto wenu katika kikundi cha pili cha filamu. La pili, viongozi watupe mahali pa kukaa Jumamosi mchana. Lakini si haki kuomba kabla ya kueleza kikundi cha kwanza kilikwendaje. Kilifanya kazi nzuri, na pia kilivunja kitu. Wengine kati yenu mnajua kilichovunjika, maana siku ile mlifunga mizigo.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Trela ni kipande kifupi cha kutangaza filamu. Shuleni mmelisikia kwa Kifaransa, bande-annonce. Majirani zetu Watanzania husema kionjo, na sisi tunalipenda hilo, maana ni kama mama anayeweka tone la mchuzi kiganjani ili ajue chumvi imekolea. Tone si chungu kizima. Lakini likiwa chachu, hakuna atakayekaa mezani. Na kama mpishi ametia chumvi katika tone tu, nyama haina chumvi, wageni watasema wamedanganywa, na ni kweli.

Mwaka 2023 tulikusanya wanafunzi 14 wa sekondari. Nusu walikuwa wametoka katika familia zilizoshuka kutoka milima ya juu na katika bonde la Ruzizi, nusu ni wenyeji wa mji. Tulikuwa na simu nne za Android, kompyuta moja iliyochoka, spika, na projekta ya kuazima. Tuliwauliza tu: ni wapi mnapogombana kila siku? Wote walijibu kwa sauti moja: robineni. Basi filamu yao ikawa ya robine. Wasichana wawili, mmoja wa familia iliyohama na mmoja wa familia pokezi, wanagombea nafasi ya bidoni. Na kaka wa mmoja wao anafuatwa jioni na watu wanaomwambia kwamba ugomvi wa maji hautaisha mpaka ashike silaha. Dakika 22. Mwisho wake hatuusemi hapa, kwa kuwa kuna ambao bado hawajaiona.

Wengine wanauliza: kwa nini filamu, na watu wana njaa? Ni swali la haki na hatulikwepi. Filamu haijazi sahani. Lakini mji wetu unalijua jambo hili tangu zamani kuliko sisi. Katika miaka ya 2000, wakati makadogo walipokuwa wakionekana kila kizuizi cha barabara, chama cha hapa Uvira, AJEDI-Ka, ambacho jina lake lina Kalundu ndani yake, kilianza kutumia kamera ya video. Mwanzilishi wake, Bukeni Waruzi, na wenzake walifanya kazi na shirika la WITNESS la New York, lile ambalo mwanamuziki Peter Gabriel alishiriki kulianzisha mwaka 1992. Walipiga picha za watoto waliokuwa jeshini na waliotoka, kisha wakazipeleka vijijini, mbele ya wazazi na viongozi, kwa sababu wakati ule kulikuwa na wazazi waliowatoa watoto wao kwa vikundi wakiamini wanalinda kijiji. Mwaka 2005 ikatoka filamu yao nyingine, A Duty to Protect, iliyowasikiliza hasa wasichana waliopita katika vikundi vya silaha. Hiyo ya pili ilikusudiwa masikio mengine: ilikuwa na kazi ya kuwasukuma watu wa sheria, hadi The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, wasiwasahau watoto wa Kongo.

Mnaona walivyofanya? Kwa mzazi wa kijijini filamu ni mazungumzo ya jirani kwa jirani. Kwa mwanasheria wa The Hague ni ombi lenye ushahidi. Hatusemi video ndiyo iliyoleta hukumu. Thomas Lubanga, mtu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ile, tarehe 14 Machi 2012, alihukumiwa kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto chini ya miaka 15 huko Ituri, si hapa kwetu, na majaji walikuwa na mashahidi wao. Tunachosema ni kwamba watu wa Kalundu walijua, kabla ya simu hizi kufika mfukoni mwa kila kijana, kwamba kabla ya kupiga picha lazima ujiulize: ataitazama nani, na akimaliza kuitazama atafanya nini? Swali hilo tulilijua. Tulilifundisha hata ubaoni. Halafu kwenye trela tukalisahau.

Tuwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana kuna wazazi wanaofikiri watoto walikuwa wanacheza na simu.

Trela haianzii kwenye simu, inaanzia kwenye karatasi. Kila mwanafunzi aliandika sentensi tatu: nani yuko katika hadithi, anataka nini, nini kinamzuia. Hakuna ya nne. Walisumbuka siku nzima, maana mwanafunzi wa Kongo akipewa karatasi anaandika utangulizi. Baadaye walichagua picha 12 katika filamu nzima, wakazichora kwa kalamu: bidoni zimepangwa, miguu kwenye tope, mlango unaofungwa, uso wa kaka. Kipande cha sekunde 90 kikiwa na picha 12 au 15 kinapumua. Ukitia 40, mtazamaji anatoka na kizunguzungu.

Kupiga picha kulikuwa na maadui wawili, jua na upepo. Ziwa letu ni zuri, lakini ukimsimamisha mtu na ziwa nyuma yake saa sita mchana, uso wake unakuwa mweusi kama sufuria na maji yanang'aa. Basi walijifunza kupiga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na kumgeuza mtu alipokee jua usoni. Upepo ulikuwa mbaya zaidi. Simu ikiwa mbali inasikia ziwa, haisikii mtu. Dawa yake ni rahisi: simu ya pili inawekwa ndani ya mfuko wa shati la mwigizaji, inarekodi sauti peke yake, mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera, na baadaye kwenye kompyuta unalinganisha kofi la picha na kofi la sauti, vitu viwili vinakuwa kimoja. Kijana aliyegundua kwamba kofi linafanya kazi alipiga makofi wiki nzima, hata kanisani.

Simu ishikwe kwa ubavu, si wima, kama itaoneshwa ukutani. Na kumbukumbu ya simu inajaa upesi. Video ya ubora wa juu, ile iitwayo 1080p, inaweza kula takribani MB 130 kwa dakika moja. Saa moja ya kurekodi ni karibu GB 8. Kwa hiyo kila jioni picha zilihamishwa kwenye kompyuta na nakala ya pili kwenye kadi ya memori, na kadi hiyo ilikaa nyumba nyingine. Watu walituona waoga. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika usiku na kubeba nyumba, na ziwa lilipopanda mpaka maji yakaingia bandari ya Kalundu, tulijifunza kwamba vitu viwili vilivyo nyumba moja ni kitu kimoja. Kompyuta ile leo hatunayo. Kadi ipo.

Kuunganisha picha walitumia programu ya bure, Kdenlive, ambayo haidai malipo wala haikai kwenye intaneti. Kompyuta dhaifu ikishindwa kucheza video nzito, programu hiyo inatengeneza nakala nyepesi ya kufanyia kazi, na mwisho inarudisha zile nzito. Wengine waliunganisha kwenye simu, kwa CapCut au InShot, na walikuwa na kasi kuliko sisi waalimu. Sauti walisafisha kwa Audacity, nayo ni ya bure. Umeme wa Snel ukikatika, tulirudi kwenye karatasi. Na kwa kweli maamuzi mazuri ya trela yalifanyika gizani, watu wakibishana kwa midomo, si kwa vidole.

Muziki ulileta ugomvi wake. Walitaka wimbo wa nyota mkubwa wa Kinshasa. Tukakataa: wimbo ni mali ya mtu, na mtandao ungeweza kuiondoa video yetu kwa sababu hiyo. Walinuna siku mbili. Kisha msichana mmoja akarekodi sauti ya maji yakidondoka kwenye bidoni tupu, polepole, halafu haraka, halafu bidoni imejaa na sauti inabadilika. Huo ndio muziki wa trela mpaka leo. Hatukuulipia.

Sasa tufike pale pabaya.

Katika filamu kuna kijana mrefu, anatoka milimani, anatembea na fimbo kama wafugaji wanavyotembea. Katika hadithi hana kosa lolote; ni yeye anayewatenganisha wasichana. Kuna pia picha ya sekunde mbili: bunduki ya mti, iliyochongwa na wanafunzi wenyewe, inapita mbele ya kamera mikononi mwa mtu asiyeonekana uso. Aliyeunganisha trela alitaka moto. Akaweka uso wa kijana wa fimbo, kisha bunduki, kisha watoto wanakimbia. Picha tatu, sekunde tano.

Yapata miaka 100 iliyopita, mwalimu mmoja wa sinema wa Urusi, Lev Kuleshov, alifanya jaribio ambalo hata leo linafundishwa. Alichukua uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika, akaufuatisha na sahani ya supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mwanamke. Waliotazama wakaona njaa, huzuni, tamaa, ilhali uso ulikuwa mmoja. Jicho la mtu linajenga daraja kati ya picha na picha, hata pale ambapo fundi hakuweka daraja. Basi kwetu jicho lilijenga daraja: kijana wa milimani, bunduki, watoto wanakimbia. Hakuna aliyesema neno. Na katika bonde hili, ambako kila kabila lina siku zake za kulia, Makobola upande huu, Gatumba upande ule, daraja kama hilo halihitaji maelezo.

Trela haikuwa imekubaliwa. Mwanafunzi mmoja, kwa furaha tu, aliituma kwa WhatsApp kwa binamu yake Bukavu ili ajivune. Ilikuwa asubuhi. Jioni ilirudi kwetu kutoka Bujumbura, imekatwa, haina mwanzo wala jina la filamu, zimebaki zile sekunde tano, na chini yake mtu ameandika kwamba ni shambulio la leo katika milima ya Uvira. Usiku ule kwenye eneo moja la wakimbizi watu walifunga mizigo. Bibi mmoja aliteremka na wajukuu watatu akalala nao kando ya ziwa, kwenye baridi, tayari kupanda mtumbwi. Tulizunguka na wajumbe wa kamati nyumba kwa nyumba, hema kwa hema, na simu yenye filamu nzima mkononi: tazameni, bunduki ni ya mti, huyu anayekimbia ni mtoto wa mama fulani, mnamjua. Wengine waliamini. Wengine walisema, ninyi watu wa mashirika kila mara mnatuambia tutulie, na kila mara tumetulia tukajuta. Hatukuwa na jibu la hilo.

Wakati mwingine hatari haiko hata katika kufunga mizigo. Kijana wa fimbo hakwenda robineni wiki mbili. Dada yake mdogo ndiye aliyebeba maji. Baba yake alikuja ofisini, akakaa, akakataa chai, akasema: "Mlisema ni filamu ya amani." Akanyamaza. Tulimwomba msamaha, na tuliomba pia mbele ya watu, kwa sababu kosa halikuwa la yule mtoto aliyetuma. Kosa lilikuwa letu. Tuliwapa watoto chombo chenye mbio kuliko motari, hatukuwapa breki.

Tulitaka kufuta kila kitu. Wanafunzi ndio waliokataa, na wa kwanza kukataa ni yeye kijana wa fimbo. Alisema akifutwa, watu watabaki na ile ya sekunde tano.

Basi trela ilijengwa upya, na mbele yake ziliwekwa taratibu ambazo kikundi cha pili kitazikuta. Juu ya kila picha, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, yapo maneno yaliyokaa katikati, si pembeni ambako yanaweza kukatwa: HII NI FILAMU YA WANAFUNZI. Mwanzoni walilia kwamba yanaharibu uzuri. Ni kweli, yanaharibu. Yatabaki. Picha ya bunduki imetolewa kabisa kwenye trela. Katika filamu ipo, kwa kuwa pale ina mwanzo na mwisho wake. Kijana wa fimbo sasa anaonekana akicheka na kuinua bidoni ya mtu mwingine, jambo ambalo ndilo analofanya katika hadithi. Kila neno liko kwa Kiswahili, na walizungumza lugha za nyumbani pale tu ambapo pande zote zilikuwa zimesikiliza na kujua maana yake.

Kisha kuna kutazama kabla ya kutoa. Kwanza wanatazama waigizaji pamoja na wazazi wao. Baadaye watu sita, watatu wa familia zilizohama na watatu wenyeji, wakiwemo mama wawili angalau. Tunawauliza jambo moja tu: huyu mnayemwona, ni mtu mwema au mbaya, na mmejuaje? Mkijibu tofauti na tulivyokusudia, tunarudi kukata upya, hatuwafundishi ninyi namna ya kutazama. Mpaka watu sita wakubali, faili linakaa kwenye simu moja yenye namba ya siri. Shefu mmoja alikubali trela kwa sharti kwamba tumtie yeye akihutubia. Tulimweleza kwa heshima kwamba sekunde 90 hazimtoshi kiongozi kama yeye. Alicheka, akakubali.

Juu ya ruhusa tuseme wazi. Karatasi yenye alama ya dole si ruhusa kama mwenye dole hakuelewa. Tutakaa na kila mzazi, mtoto akiwepo, na tutamwonesha kwa simu maana ya kuonekana. Mnaweza kukubali sauti mkakataa uso. Mnaweza kukubali leo, kesho mkabadili mawazo, nasi tutatoa picha, mpaka siku ya kuonesha kwa watu. Baada ya siku hiyo hatuwezi kuwadanganya: kitu kikishaingia kwenye WhatsApp za watu, hata mfalme hakirudishi. Mama mmoja mwaka ule alikataa uso wa binti yake, na hakutoa sababu. Hatukumwuliza sababu. Tulipiga mikono ya binti tu, ikifungua robine ambayo haitoi maji. Picha hiyo ndiyo inayofungua trela.

Mtoto yeyote aliyepita katika vikundi vya silaha, au aliyeumizwa mwili wake, hatutamwomba aigize maisha yake mwenyewe wala kuyasimulia mbele ya kamera. Kama anataka kuwa fundi wa sauti, karibu. Vilevile simu hurekodi mahali ulipo bila kukuuliza. Inaficha ndani ya picha namba za eneo. Tunazima huduma hiyo kwenye kamera kabla ya kuanza. Tusioneshe pia kibao cha shule, wala njia ya kuingia kambini, wala mwanajeshi wa upande wowote, hata akisimama nyuma kwa mbali na kupunga mkono.

Kuna jambo jipya ambalo wazee wa Kalundu hawakukutana nalo. Leo programu za akili mnemba zinaweza kutengeneza uso na sauti ya mtu ambaye hakusema neno. Vijana wetu wanazijua. Kwenye kikundi zitatumika, kama ni lazima, kusafisha kelele za upepo tu. Hatutatengeneza mlipuko, umati wala mtu asiyekuwepo. Na ninyi viongozi mkiletewa video ya kutisha usiku, ulizeni kwanza: nani alipiga, mwanzo wake uko wapi, nani katika kijiji kile ana simu tumpigie? Desemba 2025, wakati M23 walipoingia mji wetu na maelfu wakavuka kwenda Burundi, wengi walivuka na simu na nguo za mwilini. Simu hizo zilikutanisha mama na watoto waliopotezana. Zilileta pia uongo mwingi. Ni simu zilezile.

Tulisikia pia neno linalozunguka kwamba tunauza picha zenu Ulaya. Hatuuzi. Trela na filamu ni mali ya kikundi, na kadi ya memori yenye kila kitu inakaa kwa kamati, si ofisini kwetu. Shirika linalotufadhili likitaka kuionesha nje, litaomba kwa kikundi, na kikundi kina haki ya kusema hapana. Na wanafunzi hawalipwi mshahara. Wanapewa chakula cha mchana na nauli kwa wale wa mbali. Anayemtuma mtoto kwa ajili ya dola, afadhali ajue mapema.

Kuhusu kuonesha. Mwaka ule tulitundika shuka jeupe uani, betri ya sola chini ya meza, saa kumi na mbili na nusu giza likianza kushika. Filamu ndogo za kutuma tulizibana: sekunde 90 kwa kiwango cha megabiti 1.2 kwa sekunde zinatoa faili la MB 14 hivi, ambalo hata simu ndogo inalipokea na halimmalizii mtu vocha yake. Tulionesha mbali na barabara kuu. Mnakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka, likawaka, likaua watu zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa wamejaa ndani ya vibanda wakitazama Kombe la Dunia. Tangu hapo sisi hatujazi watu katika chumba chenye mlango mmoja. Uani, penye njia mbili za kutokea, na kila mtu awe nyumbani mapema.

Baada ya filamu kulikuwa na maswali. Hatutawaambia kwamba robine sasa ina amani. Foleni ni ndefu vilevile, na siku maji yasipotoka watu wanasukumana vilevile. Kilichotokea ni kidogo: mama wanane, wanne wa huku na wanne wa kule, waliamua wao wenyewe kuweka zamu ya kusimamia bidoni asubuhi, na zamu hiyo ilidumu miezi kadhaa mpaka watu walipotawanyika tena. Sasa kuna wanaoulizana kama irudishwe. Bibi aliyelala kando ya ziwa alikuja kuona filamu nzima. Alikaa mbele kabisa. Ilipofika picha ya bunduki alisema kwa sauti ya juu, "Kumbe ni mti," watu wakacheka, yeye hakucheka.

Kikundi cha pili kitakuwa na nafasi 16, na tunaomba nusu wawe wasichana. Si lazima mtoto awe na simu. Kitakutana Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na moja, kwa wiki kumi. Wiki mbili za kwanza hakuna kurekodi, ni karatasi na mabishano tu. Hadithi hatujui itakuwa ya nini; wataichagua wao. Wazazi wanaokubali wabaki kidogo tuzungumze mmoja mmoja. Wanaokataa wasione haya, na wenye kutaka kwenda kufikiri wakafikiri. Mashefu, kuhusu mahali, tungependa ua wenye kivuli na milango miwili.

Trela tunaiwasha sasa, ni dakika moja na nusu tu. Ninyi wa nyuma sogeeni mbele, spika hii sauti yake ni ndogo.